Mgeni Asiyetaka Kushikwa

Leo nimeacha pembeni niliyoyaandaa kwa sababu ya ujumbe wa sauti uliotufikia kutoka Birmingham, Uingereza. Aliyeutuma ni dada mmoja mzaliwa wa Mombasa. Anasema binti yake wa miaka 12 amenunuliwa mjusi na baba yake. Mjusi wa kweli, yumo chumbani kwa mtoto ndani ya kizimba cha kioo. Siku ya tatu sasa hajagusa chakula. Mchana kutwa ameganda kwenye kioo, usiku anarukaruka. Binti analia, baba anasema arudishwe dukani, na mama mkwe, aliyekwenda kuwatembelea, ametangaza kwamba ghorofa ya juu hapandi tena mpaka kitu kile kiondoke. Dada anauliza: afanyeje?

Nianze na mama mkwe, maana mkubwa hapitwi hivi hivi. Kwetu pwani hakuna mtoto asiyekijua kisa cha mjusi kafiri: kwamba Nabii Ibrahim alipotupwa motoni, mjusi huyu ndiye aliyekuwa akiupuliza moto uzidi kuwaka. Ndiyo maana akionekana ukutani tu, ndara inatoka mguuni kabla mtu hajafikiri. Hukumu ya kumfuga mnyama wa jamii hiyo waulizwe masheikh; mimi si mmoja wao, na redio si mahali pa kutolea fatwa. Ninachoweza kusema ni kwamba huyu wa Birmingham ana undugu wa mbali na yule wa kwetu, hana sumu, na mlango wa kizimba ukifungwa sawasawa hatoki. Mama asilazimishwe kumzoea. Atengenezewe chumba cha chini, aletewe chai yake huko huko, na mambo yaendelee.

Sasa tumjue mnyama mwenyewe. Kwa maelezo ya dada, na kwa picha aliyotuma, huyo ni geko wa shungi. Kwa kitaalamu anaitwa Correlophus ciliatus. Utamtambua kwa vimiba vidogo vilivyopangana juu ya macho yake na kushuka kwa mistari miwili mpaka mgongoni. Ukiviona utadhani ni kope, lakini kope hasa hana. Macho yake hayafumbi. Yamefunikwa na ngozi nyembamba inayopitisha mwanga, na ikishika vumbi anatoa ulimi mrefu wa waridi na kulilamba jicho zima, moja, halafu la pili. Binti akibahatika kuliona hilo usiku, nadhani kilio kitakwisha chenyewe.

Kwao ni Kaledonia Mpya, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo chini ya Ufaransa, mashariki ya Australia. Mfaransa Alphonse Guichenot alimwandika katika vitabu vya sayansi mwaka 1866. Baadaye akapotea machoni mwa wataalamu kwa miongo mingi, hata ikaaminika kwamba ametoweka duniani. Mwaka 1994 msafara ulioongozwa na Mjerumani Robert Seipp ukamkuta yu hai, katika kisiwa cha Île des Pins, kusini ya kisiwa kikubwa. Wachache waliotolewa huko wakati ule ndio wazazi wa karibu wote wanaouzwa leo Ulaya na Marekani. Kuwatoa msituni sasa ni marufuku. Huko kwao penyewe hali si nzuri: wanaliwa na panya na paka walioletwa na watu, na wanasumbuliwa na sisimizi mmoja mdogo mwenye asili ya Amerika, anayeuma vibaya na kuenea kwa kasi. Hao wa dukani, wao wamezaliwa katika vizimba, kizazi baada ya kizazi. Wameizoea kidogo sauti ya binadamu, ila tabia ya msituni hawajaiacha.

Na hapo ndipo penye jibu la swali la dada. Mnyama huyu porini ni chakula cha wengine. Akihamishwa kutoka dukani, akatiwa kwenye kopo, akapakiwa kwenye gari, akaletwa mahali penye harufu mpya, taa mpya, na uso wa mtoto uliobandikwa kwenye kioo kila baada ya dakika tano, yeye anajua jambo moja tu: ameonekana. Na mnyama aliyeonekana hali. Anaganda. Kwa hiyo siku tatu bila kula si ugonjwa, tena hata wiki nzima si ajabu kwa geko aliyetoka kuhamishwa. Tiba yake ni ngumu kwa mtoto wa miaka 12, na nahofia ni ngumu zaidi kwa baba aliyetoa pesa zake: asishikwe. Wiki 2 kamili, asishikwe. Kizimba kifunikwe kitambaa upande mmoja au miwili, mtu aingie kubadilisha maji na chakula tu, kisha atoke.

Najua mtauliza, tutajuaje basi kama anakula? Kuna njia tatu, na zote hazihitaji kumgusa. Ya kwanza ni kuangalia chakula asubuhi kwa tochi, maana ulimi huacha alama ndogo juu yake. Ya pili ni kinyesi. Tandika karatasi ya jikoni sakafuni mwa kizimba badala ya udongo na maganda ya nazi anayouza mwenye duka. Udongo unapendeza, lakini unaficha kila kitu, na geko mdogo anaweza kuumeza. Kwenye karatasi nyeupe utaona kinyesi cheusi au cha kahawia chenye kipande cheupe pembeni. Kile cheupe ndio mkojo wake. Ukikiona, ujue kuna kilichoingia. Ya tatu ni mizani, ile ndogo ya jikoni inayosoma gramu, lakini inunuliwe ya kwake peke yake, isipimiwe tena unga wa mahamri. Wiki 2 zikiisha apimwe ndani ya kopo, halafu mara moja kwa wiki, na namba iandikwe kwenye daftari. Geko mzima wa shungi huwa na gramu 35 hadi 50 hivi. Mtoto aliyetoka kuanguliwa hazidi gramu 2. Namba ya siku moja haisemi kitu. Ukiona inapanda polepole, au kwa mkubwa imesimama palepale, lala usingizi. Ikishuka wiki hadi wiki, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayewajua reptilia, na huyo atafutwe mapema, kwa sababu madaktari wengi wa paka na mbwa hawawajui.

Tuje kwenye joto, maana hapa ndipo wengi wanapomuua mnyama wao kwa huruma. Mtu akisikia mjusi anafikiria jua, jangwa, mwamba wa moto. Anakwenda kununua taa ya kuchoma na kuiwasha mchana kutwa. Geko wa shungi ni wa msitu wenye kivuli. Anataka nyuzi 22 hadi 25 za selsiasi, usiku zishuke mpaka 18 bila taabu. Zikipita 28 na kukaa huko, anaanza kuteseka, na akiendelea kuachwa hivyo anakufa. Dada, chumba cha kawaida cha nyumba ya Uingereza yenye kipasha joto kinamtosha sehemu kubwa ya mwaka. Wakati wa baridi kali, kama mnazima kipasha joto usiku, wekeni taa ndogo ya joto iliyofungwa na thamostati ili isizidi. Msikisie. Nunueni kipimajoto, na kisiwekwe kwenye kabati. Kiwekwe ndani ya kizimba, nusu ya urefu wake.

Na wewe msikilizaji wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ambaye roho imeanza kutamani: mwezi wa Machi nyumba yako inafika nyuzi 32 bila kuulizwa. Huyu si mnyama wa kwako. Lushoto au Limuru angeweza kuvumilia, ila hapo tena yanaanza maswali ya vibali vya kuingiza mnyama wa kigeni nchini, na ukifika kwenye vibali ni bora ufuge kuku.

Unyevu nao una kanuni yake. Jioni mnyunyizie maji kizimbani kwa chupa ya kupuliza, vioo na majani yalowe, matone yaning'inie. Atayalamba, ndivyo anavyopenda kunywa kuliko kwenye kibakuli. Asubuhi kidogo tu. Katikati yake acheni pakauke. Wengi hapa hukosea upande mmoja au wa pili. Wanaoacha pawe pakavu siku zote humwona geko akishindwa kujivua ngozi: inabaki imemkaza kwenye vidole na ncha ya mkia, inazuia damu, na kidole kinakufa. Wanaolowesha bila kupumzika wanafuga kuvu. Kipima unyevu kikisoma asilimia 70 hadi 80 baada ya kunyunyiza na kushuka karibu 50 kabla ya kunyunyiza tena, mko sawa. Akijivua vizuri hutaona ngozi, kwa sababu anaila yote usiku uleule. Asubuhi utamkuta rangi imeng'aa.

Kizimba kiwe cha kwenda juu, kisiwe cha kulala chini. Huyu anaishi mitini. Kwa mkubwa, sentimita 45 kwa 45 na urefu wa 60 ndicho kiasi cha chini ambacho mimi ningekubali. Kwa mdogo, cha nusu hiyo kinafaa zaidi, maana mdogo akiwekwa kwenye kizimba kikubwa hukipoteza chakula chake. Ndani tia matawi yaliyolala upande, magamba ya miti, na majani mengi, ya kweli au ya plastiki. Nasema majani mengi. Nyumba nyingi huweka tawi moja na jani moja ili mnyama aonekane vizuri, halafu wanashangaa mbona hatulii. Mpe pa kujificha, naye atajitokeza kwa hiari yake usiku. Taa hafifu ya UVB kwa mchana ni nzuri, inamsaidia kutengeneza vitamini D mwilini, mradi pawe na kivuli cha kuikimbia.

Chakula sasa. Hapa wataalamu wa kufuga wamerahisisha mambo: upo unga maalumu wa geko wa shungi, wenye matunda, protini, vitamini na kalsiamu kwa vipimo vyake. Unachanganya na maji, kwa kawaida sehemu 1 ya unga na sehemu 2 za maji, mpaka ufike uzito wa tomato sosi. Weka kifuniko kidogo kimoja, juu kwenye matawi, si chini, jioni baada ya taa kuzimwa. Asubuhi ya pili utupe, hata kama hukuguswa. Mama mkwe, akishalegeza msimamo, atataka kumpa ndizi mbivu na embe, kwa sababu mgeni hakai na njaa nyumbani kwa Mswahili. Kijiko cha embe lililopondwa mara mojamoja hakina neno. Lakini matunda peke yake hayana kalsiamu ya kutosha, na geko aliyelelewa kwa ndizi tupu mifupa yake hulainika: taya linakuwa laini, mgongo na mkia vinapinda, miguu inatetemeka. Ugonjwa huo ni wa kawaida mno kwa mijusi wa kufugwa, na karibu kila mara umeletwa na mfugaji.

Mara moja au mbili kwa wiki anaweza kupewa wadudu hai, nyenje wadogo wa kununua, waliopakwa unga wa kalsiamu. Mdudu asizidi nafasi iliyopo baina ya macho mawili ya geko. Msimwokotee wadudu bustanini; hamjui wamepita kwenye dawa gani. Vimulimuli hasa wakae mbali, wana sumu inayoua mijusi.

Wiki 2 zikipita na chakula kinaliwa, binti anaweza kuanza kumshika. Na afundishwe hivi: asimkamate. Aweke kiganja mbele yake, amguse kidogo kwa nyuma, amwache apande mwenyewe, kisha kiganja cha pili kiwe mbele, na cha kwanza kihamie mbele tena, kana kwamba anapanda ngazi. Dakika 5, basi. Wakae sakafuni au juu ya kitanda, kwa sababu anaruka bila kutangaza. Vidole vyake vinashika kioo na kuta bila gundi yoyote. Chini ya kila kidole kuna vinyweleo vidogo mno, visivyohesabika, na ncha ya mkia nayo ina kiraka cha namna hiyo. Mtoto akiitazama miguu ile kwa chini, kupitia kioo, atajifunza sayansi zaidi ya ile ya darasani.

Kuhusu mkia kuna jambo ambalo lazima aambiwe mapema, kabla halijatokea. Geko huyu akishtuka sana huuacha mkia wake. Unakatika, unabaki ukijipindapinda sakafuni, naye anakimbia. Yule wa ukutani kwetu akikatika mkia huota mwingine. Wa shungi hauoti tena, maisha. Kidonda kinapona haraka, anaendelea kula na kupanda, na huko kwao Kaledonia Mpya wakubwa wengi wanaishi bila mkia. Kwa hiyo siku ikitokea, hakuna kulia wala kulaumiana. Msafishieni kizimba, karatasi iwe safi, mwacheni.

Baada ya kumshika, mikono ioshwe kwa sabuni, kila mara, bila mjadala. Mijusi hubeba bakteria wa salmonela bila wao wenyewe kuugua. Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka 5, mjamzito, au mzee, na mama mkwe ni mmoja wao, vyombo vya geko visioshwe kwenye sinki la jikoni. Hilo peke yake linampa mama haki ya kubaki chini.

Kumtafutia mwenzake ni wazo ambalo baba atalileta, najua. Asilete. Geko hawa hawaoni upweke. Madume mawili yatapigana, na dume na jike watawaletea mayai mawili kila baada ya wiki kadhaa, na jike atachakaa kwa kutoa kalsiamu yake yote. Tena jike huweza kuitunza mbegu ya dume mwilini kwa miezi, kwa hiyo msishangae mkikuta mayai kwa jike aliyenunuliwa peke yake.

Na umri: akitunzwa vizuri anaishi miaka 15, hata 20. Binti ana miaka 12. Akienda chuo kikuu, geko hajafika hata nusu ya maisha yake. Dada, huyo mnyama ni wako. Ukubali leo au useme leo arudishwe. Zote mbili ni heshima. Kisicho heshima ni kumkubali kwa sababu ya machozi ya wiki moja, kisha kumtelekeza kwenye tangazo la bure mwaka ujao.

Nimalizie na jambo la nyumbani kwetu, ambalo ndilo lililonifanya niukubali ujumbe huu kwa urefu. Nimesema geko wa shungi wa madukani wamezaliwa vizimbani. Si kila mjusi wa dukani ni hivyo. Mkoani Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, upo msitu mdogo unaoitwa Kimboza, takriban kilomita 4 za mraba tu. Humo anaishi mjusi mdogo ambaye dume lake ni la buluu inayong'aa, Lygodactylus williamsi, anayekaa kwenye miti ya jamii ya mkadi. Watu wa Ulaya, Marekani na Asia wakampenda. Wakusanyaji wakaingia msituni, na kwa kuwa mjusi hujificha juu kabisa katikati ya majani, njia rahisi ikawa kuukata mti. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwisho wa mwaka 2004 na katikati ya mwaka 2009 walichukuliwa zaidi ya 30,000. Mjusi akaenda na mti wake ukaenda. Mwaka 2016 Tanzania ikasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, na mwaka huohuo mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg ukamwingiza mjusi huyo katika orodha ya juu kabisa, ile inayokataza biashara ya kimataifa ya wanaotoka porini.

Sheria hizo zipo, lakini zinamfikia muuzaji kwa kuchelewa. Mnunuzi ndiye aliye mbele yake. Kwa hiyo ninyi mlio Uingereza, Ujerumani, Marekani, Oman na kwingineko, mtoto akiomba mjusi, mwulizeni muuzaji amezaliwa wapi, nani amemzalisha, na karatasi ziko wapi. Akisitasita kujibu, msinunue.